Kuni za Tabora: shoka, chenso au mashine ya kupasulia?

Kama una magogo uani na fedha ya kubana, usinunue mashine ya kupasulia kuni. Nunua shoka zuri, kabari mbili za chuma na msumeno wa upinde. Magogo makubwa mwite mwenye chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ayakate kwa siku moja, umlipe, aondoke. Chenso yako mwenyewe iwe ya pale tu kazi inaporudi mara kwa mara, au mnapoweza kuchanga watu kadhaa.

Najua wapo watakaosema shoka ni la zamani. Tuhesabu kwanza.

Kuni zina kazi mbili, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni kukata gogo vipande vya urefu wa mafiga au wa mdomo wa bani ya kukaushia tumbaku. Ya pili ni kupasua vile vipande. Chenso inakata, haipasui. Mashine ya kupasulia inapasua, haikati. Mtu akilipia moja akidhani amepata zote mbili, amekwisha kuumia kabla hajafika nyumbani.

Ipo mashine inayofanya yote: inavuta gogo, inalikata, inalipasua na kuzimwaga kuni kwenye tela. Imetengenezwa kwa nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto miezi mingi na miti ya misonobari hunyooka. Bei yake ni ya gari. Mtundu na miombo yetu ya Sikonge na Kaliua ina vifundo, imepinda, na nyuzi zake zimesokotana. Mashine hiyo iache.

Katika kazi hizo mbili, kukata ndiko kunakokula siku ya mtu. Gogo la mtundu lenye unene wa paja linamchosha kijana kwa shoka, na vipande vingi vinaishia kuwa makapi. Kupasua ni kwepesi zaidi, mradi upasue mti ungali mbichi. Wengi hukata, wakaacha magogo yakauke miezi mitatu, ndipo wapasue. Hapo mkaratusi unakuwa kama jiwe. Pasua ndani ya siku chache baada ya kukata, kisha panga kuni zikauke zikiwa zimekwisha pasuliwa: zitakauka upesi, na hutahitaji mashine ya kupasulia.

Sasa bei. Nitataja viwango vya kukadiria, kwa sababu duka la barabara kuu na duka la mnadani hayalingani. Uliza sehemu mbili tatu kabla ya kulipa.

Shoka la kiwandani, kichwa peke yake, ni shilingi elfu kumi na kitu hadi elfu ishirini na kitu. La mhunzi, lililofuliwa kwa springi ya gari, mara nyingi ni rahisi zaidi, na chuma chake si kibaya hata kidogo. Unyamwezi ilikuwa nchi ya wahunzi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Majembe yaliyofuliwa huku yalikuwa bidhaa ya biashara kwenye njia ya misafara. Ufundi huo haujatoweka. Lakini jua unachonunua. Shoka la mhunzi lenye ulimi unaopenya kwenye kichwa cha mpini ni jembamba na jepesi: linafaa kuangusha mti na kupunguza matawi. Kwa kupasua unataka kichwa kizito, kilo moja na nusu hadi mbili, chenye tundu la mpini na mashavu mapana yanayosukuma mti pande mbili.

Jaribu hivi dukani. Omba tupa, sugua makali mara mbili. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekomaa mno na kitameguka kwenye kifundo cha mti. Ikikwangua kwa ulaini, makali yatajikunja kabla ya jua la mchana. Unataka tupa iume kwa shida kidogo. Kisha chungulia tundu la mpini kama limenyooka.

Mpini uliopakwa rangi usiulipie. Rangi inaficha macho ya mti na nyuzi zilizokatwa mshazari, na mpini wa namna hiyo huvunjika mkononi. Nunua kichwa, kachongeshe mpini wa mti mgumu unaonyumbuka, kama mkole, ukaukie kivulini ndipo uupigilie.

Kabari ndicho kifaa ambacho watu hukisahau, na ndicho chenye faida kubwa kwa fedha ndogo. Fundi wa kuchomelea atakukatia mbili kutoka kwenye ekseli chakavu ya lori. Mwambie isiwe nondo, nondo ni laini. Kwa nini mbili? Moja ikikwama ndani ya gogo, ya pili ndiyo itakayoitoa. Utahitaji na nyundo kubwa. Majirani wengi wanayo, unaweza kuazima. Kichwa cha kabari kikianza kuchanua kwa kugongwa, kipeleke kwenye jiwe la umeme kisagwe, maana vile vipande vinavyochanua huruka na kupofua.

Msumeno wa upinde ni wa matawi na vigogo visivyozidi unene wa mguu. Fremu ni elfu kumi na tano hadi ishirini na tano hivi, na bapa jipya ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Angalia meno. Bapa lenye ncha nyeusi limekomazwa kiwandani: linakaa na makali muda mrefu, lakini likiisha limeisha, tupa hailiumi. Lenye meno ya rangi moja unaweza kulinoa mwenyewe miaka. Mahali ambapo duka la vipuri ni safari ya siku nzima, nunua la kunoleka.

Jumla ya vyote hivyo, shoka, kabari mbili, msumeno na tupa, haifiki laki moja. Familia inayopika kwa kuni, au mama lishe mwenye majiko mawili, haihitaji zaidi.

Tuje kwenye chenso, maana ndiyo inayowatoa watu jasho la mfukoni.

Zipo za namna mbili sokoni. Kuna za bei ya chini, zinazofanana zote hata kama boksi zina rangi tofauti, za laki tatu hadi laki tano. Na kuna za makampuni ya muda mrefu, zinazoanzia kama milioni moja na nusu na kupanda. Za kwanza hazijivuni kwa uimara, lakini zina sifa moja kubwa: vipuri vyake vinaingiliana, ni rahisi, na fundi wa pikipiki anaweza kuifungua kabureta. Za pili zinadumu miaka zikitunzwa, ila kipuri halisi mara nyingi kinaagizwa Dar es Salaam au Mwanza, na cha bandia kimejaa. Namba ya ujazo wa injini iliyoandikwa kwenye boksi la bei ya chini mara nyingi imeongezwa chumvi. Usinunue namba, nunua upatikanaji wa vipuri.

Tabora inalijua somo hili kwa gharama. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulikuwa na shamba lake Urambo. Matrekta hayakukosekana. Vilivyokosekana katika mradi ule ni vipuri, karakana na mafundi wa kutosha, mashine zikalala huku msitu umesimama. Kabla ya kuuliza chenso ni shilingi ngapi, muulize muuzaji akuonyeshe mnyororo wake wa akiba, plagi, kichujio cha hewa na kamba ya kuwashia. Kama hana hata kimoja rafuni, bei aliyokutajia siyo bei yenyewe.

Gharama zilizojificha ni hizi.

Mafuta. Injini hizi ni za tu-stroki. Petroli lazima ichanganywe na oili yake. Nyingi za bei ya chini zinataka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 40 kwa kila lita. Za makampuni ya muda mrefu kwa kawaida ni 1 kwa 50, mililita 20. Fuata kitabu cha mashine, siyo fundi wa kijiweni. Msumeno wa kati unaweza kumeza lita moja kwa saa ya kazi nzito. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo ya petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi piga hesabu kwa bei ya mwezi huo, ongeza oili. Petroli ya kwenye chupa za barabarani usiitie humo. Uchafu mdogo unaovumiliwa na pikipiki unaziba kabureta ya chenso.

Oili ya mnyororo. Hii ni tofauti na ile ya kuchanganya, ina tangi lake, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Huenda karibu nusu ya kiasi cha petroli. Watu hutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina chembe za chuma, inakula baa na kuziba pampu. Oili mpya ya injini ya bei ya chini ni afadhali mara kumi.

Mnyororo. Ukienda kununua mwingine, nenda na ule wa zamani mkononi. Kuna vipimo vitatu vinavyopaswa kulingana: umbali kati ya riveti, unene wa ulimi unaopita kwenye baa, na idadi ya ndimi. Kimoja kikikosea, fedha imekwenda. Mnyororo ukigusa udongo mara moja tu, makali yamekwisha, kwa hiyo inua gogo juu ya kipande kingine kabla ya kukata. Na jihadhari na miti mikongwe ya mjini na kandokando ya njia ya zamani ya misafara, hasa miembe. Imepigiliwa misumari ya mabango na waya za nguo kwa miaka mingi, gome limezifunika. Msumari mmoja unagharimu mnyororo mzima, na mwembe wenyewe ni kuni hafifu, moto wake haukai.

Kinga. Miwani, kofia ngumu, viatu vya chuma mbele, kinga ya masikio, na suruali au vazi la mbele la kuzuia mnyororo. Hesabu laki moja na nusu au zaidi. Ndiyo gharama ya kwanza watu kuifuta, na mimi nasema kama huna fedha ya kinga basi huna fedha ya chenso. Ncha ya juu ya baa ikigusa mti, msumeno unaruka nyuma usoni haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Gambuti hazizuii mnyororo.

Usafiri. Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Ukiagiza, ongeza nauli ya mzigo, na uliza mapema: ikiharibika ndani ya waranti, nani analipa kuirudisha? Mara nyingi ni wewe, kwenda na kurudi. Waranti inayokulazimisha kulipia safari mbili za mzigo ipunguze thamani yake kichwani mwako. Na dai risiti ya EFD. Bila hiyo waranti ni maneno matupu.

Sasa hesabu ya kukodi na kununua. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme mwenye chenso anatoza shilingi 50,000 kwa siku, mafuta juu yako. Chenso imara na kinga, minyororo miwili ya akiba na tupa, tuseme 1,800,000. Ukiwa na yako bado utamlipa kijana wa kuiendesha, tuseme 15,000. Basi unaokoa 35,000 kwa siku. Itachukua siku 52 za kazi kurudisha fedha. Mkulima wa bani moja anayekata siku sita kwa mwaka atasubiri zaidi ya miaka minane. Wakulima kumi wa chama kimoja cha msingi cha ushirika, kila mmoja siku zake sita, wanafika siku 60, na fedha inarudi mwaka wa kwanza.

Hiyo ndiyo nafasi halali ya chenso nzuri: kikundi, na mtu mmoja tu aliyefundishwa kuiendesha na kuinoa. Ikizunguka mikononi mwa watu kumi, haitamaliza msimu. Andikeni mapema nani analipa mnyororo ukikatika, na kila siku ya matumizi itoe kiasi cha mfuko wa matengenezo.

Ile ya laki nne nayo? Kwa hesabu hiyohiyo, pamoja na kinga na mnyororo wa akiba inafika kama laki sita, na inarudi kwa siku 17 hivi. Inavutia. Tatizo ni kwamba mtu wa siku sita kwa mwaka anaiacha kabatini na petroli ndani, mafuta yanaganda kwenye kabureta, na kila msimu unaanza kwa fundi. Ukiinunua, mwaga mafuta yote kila unapomaliza kazi, iwashe imalize yaliyobaki kwenye mirija, ndipo uihifadhi. Kwa fundi seremala au mchoma matofali anayeitumia kila wiki, ni ununuzi wa maana.

Kwa aliye mjini mwenye umeme uani, lipo chaguo ambalo halitangazwi sana: chenso ya umeme wa waya. Haina kabureta, haina oili ya kuchanganya, haina kelele za kugombana na jirani. Ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa ikifanya kazi mfululizo, chini sana ya gharama ya lita ya petroli. Lakini angalia mambo mawili. Waya mwembamba na mrefu unapunguza nguvu ya umeme na kuunguza mota. Nunua waya mnene hata kama bei inauma. Na kama mita yako ya LUKU iko kwenye daraja la matumizi madogo, ukivuka uniti 75 kwa mwezi kila uniti ya ziada inalipwa kwa bei ya juu zaidi. Nyingi za betri ni za kupogolea tu. Betri ya pili inaweza kukaribia bei ya mashine.

Mashine za kupasulia nazipitia haraka. Ya umeme inayosukuma kwa tani 4 hadi 7 imetengenezewa vipande vifupi, kwa kawaida visivyozidi nusu mita, vya mti ulionyooka. Kwenye gogo la mtundu lenye kifundo itakwama, na mpira wake wa kuzuia oili utaliwa na vumbi la kiangazi. Ya petroli ina nguvu, ila inavutwa na gari na bei yake haina uhusiano na kuni za nyumbani. Ile yenye parafujo inayozunguka na kujichimbia ndani ya gogo ikatae kabisa, hasa nyumba ambayo kazi ya kuni hufanywa na mtu aliyevaa khanga au kitenge. Ikinasa nguo haiachii.

Ipo moja ninayoisifu: jeki. Fundi wa kuchomelea, au karakana inayofanya kazi na SIDO, shirika la viwanda vidogo, anaweza kukutengenezea fremu ya chuma inayobeba jeki ya gari ya tani 10 au zaidi, yenye kabari juu. Unapampu kwa mkono, gogo linapasuka taratibu. Haina mafuta wala umeme, na jeki mpya inapatikana kila duka la vipuri vya magari. Ni ya polepole, hailishi bani. Kwa bibi anayeishi peke yake au mtu asiyeweza tena kuinua shoka, hiyo ndiyo mashine ya kupasulia inayostahili fedha. Sisitiza fremu iwe ya chuma kinene, maana ikipinda jeki inaruka.

Usisahau karatasi. Kuvuna kuni za kuuza kunataka kibali, na kuzisafirisha kunataka hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mzigo ukikamatwa njiani bila hati, umepoteza kuni, nauli na pengine fedha ya faini. Kabla ya kununua chenso pita ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa misitu, na ofisi ya kijiji, uulize kinachotakiwa kwa mashine yenyewe na kwa eneo unalotaka kukata, na gharama hiyo uiingize kwenye hesabu. Mninga usiuguse kwa kuni. Ni mti wa mbao, na kuuchoma ni kuchoma fedha.

Kama mpango wako ni kununua mashine ili uuzie kuni shule na taasisi, simama hapo. Serikali imekwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Usikope kwa mashine ambayo wateja wake wakubwa wanaondoka.

Na kwa mwenye bani au jiko: mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto wako unafanya kazi ya kuyachemsha hayo maji kwanza. Kuni zilizopangwa juu ya vijiti, upande ulio wazi ukielekea upepo, juu zimefunikwa bati, kuanzia Juni hadi Oktoba, zitakupunguzia idadi ya safari za porini bila kutoa hata shilingi. Banda la namna hiyo lijenge kabla hujafikiria injini.

Wakati mzuri wa kununua ni kiangazi, malipo ya tumbaku yanapoingia na kuni zinapata miezi ya kukauka kabla ya mvua za Novemba. Ukifika dukani kwa chenso, usikubali ile iliyokwisha kuwashwa kabla hujafika. Gusa injini, ikiwa ya moto, rudi kesho. Iombe ikiwa baridi, iwashwe mbele yako, ikate gogo, izimwe, iwashwe tena. Ikigoma mara ya pili, funga mkoba na uondoke na fedha yako.